Baba wa chungwa, watoto wote kijivu: je, rangi imepotea?

Swali: Habari ya kazi, Mwalimu. Nafuga isopodi, vile viumbe vidogo vya miguu 14, hapa Migosi, Kisumu, tangu mwaka jana. Nilianza nao ili wanisafishie udongo wa vyungu vya maua, sasa nimewapenda tu. Ni wale wenye unga-unga wa kijivu mgongoni, wanaokimbia kama wamechomwa, na hawajikunji kuwa gololi. Miezi miwili iliyopita nilipata mmoja wa rangi ya chungwa kwenye rundo la samadi ya jirani, katikati ya mamia ya kijivu. Nikamweka peke yake na mkubwa mmoja wa kijivu niliyemtoa rundo hilohilo. Baada ya wiki chache yule wa kijivu akaonekana ana mayai tumboni, na sasa kuna watoto 27 wa kama mwezi mmoja, wote kijivu ingawa baba ni wa chungwa. Je, rangi imepotea? La pili, kwenye beseni kubwa wawili wamegeuka zambarau inayong'aa, wazuri ajabu. Niwaoanishe? Na mpwa wangu anasema twende msitu wa Kakamega tukatafute wa rangi nyingine.

Jibu:

Dada, nianze na hao wa zambarau, maana hao hawangoji. Usiwaoanishe. Watoe leo usiku, uwamwagie maji yanayochemka, kisha uwafukie mbali na vyungu vyako. Najua inauma kuua mnyama mzuri hivyo, lakini uzuri wenyewe ndio ugonjwa. Kuna virusi vya isopodi, jamii ya iridovirusi, ambavyo vikijaa ndani ya seli hujipanga safu kwa safu kama matofali ukutani. Mpangilio huo hurudisha mwanga wa buluu na zambarau. Kwa hiyo rangi unayoiona si ya mnyama, ni ya virusi vilivyomjaa, na wengi hufa muda mfupi baada ya kuwa hivyo. Hakuna uzao wa zambarau utakaoupata hapo.

Kwa kuwa wako wana unga wa kijivu unaoelekea buluu, wanaoanza huchanganyikiwa. Chukua brashi laini ya rangi za watoto umpapase mgongoni. Unga wa kawaida hufutika, na chini yake unaona kahawia au kijivu. Zambarau ya ugonjwa haifutiki. Inatoka ndani, utaiona mpaka tumboni na miguuni, na mgonjwa mara nyingi amepooza, anatambaa nje mchana kweupe wakati wenzake wamejificha. Ugonjwa huenea sana kwa wazima kula mizoga ya wagonjwa, basi kagua lile beseni kila siku kwa mwezi mzima, okota kila aliyekufa, na usihamishe mnyama wala udongo kutoka humo kwenda kwa huyo wa chungwa. Kijiko cha kule kibaki kule.

Sasa twende kwa chungwa lako. Kwa maelezo yako, mnyama wako ni Porcellionides pruinosus, ambaye binadamu amemsambaza karibu dunia nzima kwa samadi na udongo. Si mdudu kwa maana ya kitaalamu. Yuko karibu na kaa na kamba kuliko mende, anapumua kwa viungo vya tumboni vinavyotaka unyevu, na ana miguu 14. Rangi ya chungwa kwake hutokea pale jeni moja inayohusika na rangi nyeusi inapoharibika, na ile nyekundu-njano iliyokuwa imefunikwa ikabaki peke yake. Jeni hiyo iliyoharibika ni ya kujificha. Mnyama akiwa na nakala moja nzima na moja mbovu anaonekana kijivu kabisa, huwezi kumtofautisha hata kwa lenzi. Lazima apate mbovu kwa baba na mbovu kwa mama ndipo awe chungwa. Ni njia ileile ambayo wazazi wawili weusi huzaa mtoto mwenye ualbino, halafu majirani wakaanza maneno ambayo hayana msingi.

Kwa hiyo watoto wote kuwa kijivu ndilo jambo lililotarajiwa. Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni sentensi moja ya barua yako uliyoipita haraka: kwamba yule wa kijivu ulimtoa rundoni akiwa mkubwa.

Jike la isopodi huhifadhi mbegu za dume mwilini. Akishapandwa mara moja anaweza kuzaa mikupuo kadhaa bila kuona dume tena, na mkupuo mmoja unaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Jike uliyemtoa kwenye rundo lenye mamia ya madume ya kijivu karibu hakika alikuja na mzigo wake. Basi watoto 27 wanaweza kuwa wa huyo wa chungwa, au wa dume fulani aliyebaki kwenye samadi ya jirani, au wamechanganyika. Na kuna jambo la kuchekesha zaidi: unamwita wa chungwa "baba", lakini hujaniambia ulijuaje kuwa ni dume. Wakiwa majike wote wawili, yule wa kijivu angezaa vilevile.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumpindua. Mweke ndani ya kifuniko cha plastiki angavu, umfunike kwa kipande kingine cha plastiki ili atulie, umtazame tumboni kwa lenzi ya mkono, ile ya wanafunzi ya duka la vitabu inatosha. Nyuma ya miguu kuna vibamba vyeupe-vyeupe vilivyopangana kama vigae. Dume ana vijiti viwili vyembamba virefu vinavyoelekea mkiani, katikati ya vibamba hivyo. Jike hana. Usipoviona, mtazame na dume wa kijivu unayemjua kwa kulinganisha. Mara ya kwanza nilikaa nusu saa nikibishana na macho yangu.

Tuseme ni jike. Basi una bahati na kazi yako ni nyepesi. Mwache azae, maana naye huenda tayari ana mbegu alizokuja nazo. Watoto wake wote, baba awe nani, watakuwa wamebeba jeni ya chungwa iliyofichika, kwa sababu mama hana nakala nyingine ya kuwapa. Wakusanye wote kwenye kopo moja, wakue, waoane wenyewe kwa wenyewe. Wajukuu watakuwa chungwa mmoja kwa kila wanne kwa wastani. Ukihesabu wajukuu 20, uwezekano wa kukosa hata mmoja wa chungwa ni chini ya 1 katika 100. Wale 27 wa kijivu, kwa hali hiyo, hawana uhusiano wowote na chungwa. Warudishe kwenye vyungu vya maua wakafanye kazi.

Tuseme ni dume. Hapa ndipo wengi hupoteza mwaka mzima. Wanawaacha watoto wote waoane, wanasubiri wajukuu, hawaoni chungwa, wanakata tamaa. Wewe usisubiri. Usiku wa leo chukua watoto 12 kati ya wale 27, kila mmoja umpe kikopo chake, hata vile vya mtindi. Toboa matundu madogo kwenye kifuniko, weka udongo wa vidole viwili, jani kavu na kipande cha kadibodi. Wana mwezi mmoja, bado ni wadogo, na shabaha ni kuwatenga kabla hawajaanza kupandana. Wakifika ukubwa wa kuonekana jinsia, madume uwatoe. Majike waliobaki utakuwa na hakika nao kuwa hawajaguswa. Jike aliyekaa peke yake akizaa bila dume, jua ulichelewa kumtenga. Mtoe kwenye hesabu.

Sasa warudishe majike hao kwa dume wa chungwa, watatu kwa wakati mmoja. Dume mmoja anawamudu. Ukiona jike ana mfuko wa mayai, mrudishe kwenye kikopo chake azalie humo ili ujue mtoto ni wa nani. Wakishazaliwa, hesabu. Watoto wa isopodi huzaliwa weupe, wana jozi sita tu za miguu, ya saba huja baadaye, na rangi hujionyesha kadiri wanavyojivua. Usikate shauri siku ya kwanza. Ngoja wiki mbili tatu.

Hapo utaona moja kati ya mambo mawili. Jike fulani akizaa nusu chungwa na nusu kijivu, basi alibeba jeni, na yaelekea sana ni binti wa kweli wa dume wako, na mchezo umeisha: una machungwa wa kutosha kuanzisha ukoo. Akizaa zaidi ya 10 na wote ni kijivu, basi hakubeba jeni. Angekuwa ameibeba, bahati ya kupata kijivu mara 10 mfululizo ni moja katika 1,024, sawa na kurusha shilingi ikaanguka kichwa mara 10. Baba yake alikuwa mwingine, wa rundoni. Lakini hata hapo hujapoteza kitu, maana safari hii jike hakuwa ameguswa na baba ni chungwa bila ubishi. Watoto hao wote wa kijivu wamebeba jeni kwa hakika. Waoanishe wao kwa wao, na wajukuu watatoka chungwa mmoja kwa wanne. Vyovyote itakavyokuwa, dume huyo akiishi miezi michache zaidi rangi yake haipotei. Ndiyo maana nakuomba umtunze yeye kuliko hao 27.

Usifanye haya bila daftari. Mimi hubandika plasta kwenye kopo na kuandika kwa kalamu ya wino mzito: C ni chungwa, K ni kijivu, namba ya mama, tarehe ya kutengwa, tarehe ya kuzaa, hesabu ya kila rangi. Hata watoto waliokufa nawaandika. Kichwa hudanganya. Baada ya makopo 15 hutakumbuka ni binti yupi alikuwa wa nani, na isopodi mmoja wa kijivu ni sawa na mwingine.

Jambo lingine la kuangalia unapohesabu ni jinsia. Kuna bakteria waitwao Wolbachia, waliogunduliwa kwanza ndani ya mbu mwaka 1924, wanaoishi ndani ya seli na kurithiwa kwa mama pekee. Kwa isopodi kadhaa, huyu wako akiwemo, bakteria hao huwageuza waliotakiwa kuwa madume wakawa majike kamili wanaozaa. Ukiona mama anazaa majike watupu mkupuo baada ya mkupuo, usiujenge ukoo wako juu yake peke yake. Utafika kizazi cha tatu una makopo ya machungwa maridadi na huna dume hata mmoja. Nimeona hilo likimpata mfugaji wa Njoro aliyekuwa mwangalifu kuliko mimi. Dawa yake ni kuwa na majike wa koo mbili tatu tofauti tangu mwanzo.

Hao weupe nusu na kijivu nusu utakaowaona njiani wasikupandishe presha. Isopodi hujivua gamba kwa awamu mbili, nusu ya nyuma kwanza, ya mbele siku chache baadaye. Katikati ya hapo nusu moja inapauka. Niliwahi kuamshwa usiku kwa simu na kijana aliyedhani amepata aina mpya ya rangi mbili. Nikamwambia alale, amtazame tena baada ya wiki. Hakunipigia tena.

Ukishakuwa na machungwa wa jinsia zote mbili, chungwa kwa chungwa huzaa chungwa tu. Kuna jambo moja la kushangaza hapo. Ukinunua wa chungwa kwa mfugaji mwingine, ukawaoanisha na wako, wakazaa kijivu wote, usiende kumwita tapeli. Rangi nyeusi hutengenezwa kwa hatua kadhaa, kila hatua na jeni yake. Wako anaweza kuwa ameharibika hatua moja na wake hatua nyingine. Mtoto anapata jeni nzima ya hatua ya kwanza kwa huyu na ya pili kwa yule, kijivu kinarudi. Tena hao watoto ni mali. Ndani yao kuna jeni mbili tofauti, na kuzitoa zote mbili katika mnyama mmoja ni mjukuu mmoja kwa 16, kwa hiyo unahitaji kuhesabu wajukuu wapatao 47 ili uwe na uhakika wa asilimia 95 kumpata angalau mmoja. Andika na rangi ya macho ya kila aina unayopata, huwa inasaidia kuzitenganisha.

Pia usioanishe ndugu milele. Kila baada ya vizazi vitatu vinne leta kijivu mwenye nguvu wa rundo jingine, uchanganye, uirudishe chungwa kwa kizazi kinachofuata. Utapoteza muda, utapata wanyama wanaozaa. Koo nyingi nzuri hufa kimyakimya: mikupuo inapungua, 20, 12, 5, halafu mwenyewe anasema ni hali ya hewa.

Kuhusu hali ya hewa, ninyi wa Kisumu mnatushinda. Huku Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu ya bahari, usiku wa Julai makopo yangu yanapoa mpaka isopodi hawataki kusogea. Ninyi mko chini, mita 1,130 hivi, vizazi vyenu vinakimbia. Ila vikopo vidogo hukauka upesi kwa joto lenu, na isopodi aliyekauka hafufuki. Loweka upande mmoja tu wa kopo, mwingine uwe mkavu, mwenyewe achague. Usiweke kwenye dirisha la jua la mchana.

Chakula chao ni majani makavu yaliyooza kidogo: mwembe, mparachichi, mpera. Ya mkaratusi acha. Usiokote majani kando ya shamba linalopuliziwa dawa. Gunzi la mahindi ni nyumba na chakula kwa pamoja. Protini usiwanyime, maana wakikosa hula wenzao, hasa aliyetoka kujivua gamba akiwa laini, na ndiyo njia ile ya virusi niliyokuambia. Wewe una soko la Kibuye karibu; omena (dagaa) mmoja mkavu aliyesagwa anatosha kopo kwa wiki. Akizidi anavunda na kuleta utitiri.

Chokaa wanaihitaji kwa gamba. Maganda ya mayai yaliyosagwa yanatosha, au chokaa ya shamba kama ile ya mawe ya Koru. Chokaa ya kupaka ukuta huwaunguza. Na hapa naongea kwa uchungu. Miaka kadhaa nyuma nilinunua mfuko wa "chokaa" kwenye duka moja la pembejeo, unga mweupe laini, nikanyunyiza makopo yote jioni moja. Ulikuwa daiatomaiti, ule unga wa mabaki ya mwani unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil, ambao watu huchanganya na nafaka kuua fukusi. Unaharibu tabaka la juu la gamba, mnyama anakauka akiwa amekaa kwenye unyevu. Asubuhi ya tatu sikuwa na ukoo wa madoa niliokuwa nao kwa miaka miwili. Kabla ya kunyunyiza unga wowote mweupe, tia kidogo kwenye siki. Chokaa ya shamba na ganda la yai hutoa povu. Daiatomaiti hukaa kimya.

Mvua zikianza, weka miguu ya meza ya makopo ndani ya mikebe yenye maji na tone la mafuta. Siafu hawajali rangi.

Mpwa wako ana moyo, lakini Kakamega si mahali pa kuokota. Msitu ule umehifadhiwa, sawa na Hifadhi ya Ziwa Nakuru hapa kwetu, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haikupi ruhusa ya kutoa viumbe humo bila kibali kwa sababu tu ni wadogo. Isitoshe ni mahali pabaya pa kutafuta. Wa chungwa msituni anaonekana na kila ndege na kila mjusi. Anayedumu ni yule aliyezaliwa gizani kwenye samadi, ambako kuna maelfu na hakuna anayemwona. Wako ulimpata wapi? Kwa jirani. Kama huyo wa chungwa alizaliwa humo, basi yaelekea baba na mama yake walikuwa kijivu waliobeba jeni, na ndugu zake wengine bado wamo. Mpe mpwa wako lenzi na karatasi nyeupe, muombe jirani ruhusa, apekue rundo lile koleo kwa koleo.